UZI: Kazi, kabila na "zamu yetu". Hesabu ya Isiolo, kutoka kodi ya shilingi 20 hadi asilimia 30

1/
Kila msimu wa kampeni, na hata ukishapita, kuna sentensi mbili lazima uzisikie. Ya kwanza: "Kazi apewe mwenye sifa, mambo ya kabila tuachane nayo." Ya pili: "Watoto wetu wamesahauliwa, safari hii ni zamu yetu." Ya kwanza hupigiwa makofi Nairobi, ya pili hupigiwa makofi kaunti. Na mara nyingine msemaji ni yule yule, siku mbili tofauti.

2/
Kama kawaida ya nyuzi hizi, sitaji mwanasiasa wala chama. Leo nachukua Isiolo. Ndiko kwetu, lakini kuna sababu kubwa kuliko hiyo. Hapa mtu anaweza kuwa wa jamii ndogo asubuhi akiwa ofisi ya serikali kuu, na saa sita akawa wa jamii kubwa akiwa ofisi ya kaunti, mji ule ule, hata viatu hajabadilisha. Ukiielewa hesabu ya Isiolo, ya kwingine haitakusumbua.

3/
Maneno kwanza, tusije tukagombana bure. Mtaani tunasema "upendeleo" ama "kutengewa". Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inaitaka serikali ichukue hatua za kurekebisha hasara ambazo watu au makundi wamepata kwa sababu ya ubaguzi wa zamani. Kifungu cha 56 kinaendelea: serikali iweke mipango ya kuzipa jamii ndogo na zilizotengwa nafasi maalum katika elimu, uchumi na kazi. Mimi nitaziita hatua za kusawazisha, kwa sababu neno "upendeleo" limeshaamua kesi kabla ushahidi haujasikizwa.

4/
Sasa, "hasara za zamani" ni zipi? Hapo ndipo mjadala wetu huanguka. Mmoja anasema tulibaguliwa, mwingine anasema mnalialia, na hakuna anayefungua kitabu. Tukifungue.

5/
Isiolo ni mji wa serikali tangu mwanzo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwapa makao hapa Wasomali waliotumikia jeshi la King's African Rifles, wengi wao Isaaq na Harti. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mji ukawa makao makuu ya NFD, ile wilaya kubwa ya mpaka wa kaskazini. Miaka ya 1930 Waborana wengi wakahamishwa kutoka upande wa Wajir, serikali ikichora mistari ya nani achunge wapi. Waturkana wengi walikuja kutafuta vibarua. Wameru wakashuka na mazao na biashara. Wasamburu walikuwa na mifugo yao upande wa magharibi. Kwa hivyo anayekuambia jamii fulani "ilikuja juzi", muulize: juzi ya nani?

6/
Kuna kisa cha kodi ambacho kingefaa kufundishwa shuleni. Mkoloni aliwapanga watu kwa ngazi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Ngazi yako iliamua mshahara wako, wodi utakayolazwa, hata mahali pa kulala mjini. Wasomali wengi wa mijini walikataa kuwekwa chini. Mwaka 1919 ilitungwa sheria iliyowaruhusu baadhi yao kulipa ada na kutolewa kwenye kundi la "wenyeji". Kisha 1936 ikaja kodi mpya: Mhindi shilingi 30, Msomali shilingi 20. Wa-Isaaq wakaikataa.

7/
Unafikiri waliikataa kwa sababu ni kubwa? La. Waliikataa kwa sababu ni ndogo! Walitaka walipe 30 kama Wahindi. Zile shilingi 10 za juu zilikuwa bei ya kupanda ngazi moja. Waliandika maombi, wakagoma, wengine wakapata taabu na serikali kwa miaka kadhaa, wote wakipigania haki ya kutozwa zaidi.

8/
Weka kisa hiki akilini kwa sababu mbili. Moja: mtu akipigania kuhesabiwa kundi fulani, angalia kundi hilo linafungua mlango gani. Mbili, na hii inauma: hawakuuliza kwa nini ngazi ipo. Waliuliza kwa nini wao wako chini. Aliyebaki chini kabisa hakuwemo kwenye ombi lao. Miaka karibu 90 baadaye, kelele nyingi za "zamu yetu" zinafanana sana na ombi lile.

9/
Kwenye kazi za serikali ngazi hiyo iliandikwa kwa wino. Mwaka 1947 na 1948 tume ya Holmes ilichunguza utumishi wa umma wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Ikashikilia kanuni ya tatu kwa tano: Mwafrika mwenye cheti na kazi sawa na Mzungu alipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu. Mzungu akipata shilingi 1,000, wewe 600, meza moja. Ilibidi tume nyingine, ya Lidbury, ije 1954 kupendekeza mishahara isipangwe tena kwa rangi.

10/
Kwa hivyo mtu akikuambia kuhesabu asili ya mtu kazini ni "ugonjwa ulioletwa na Katiba mpya", mwambie asome tena. Nchi hii imehesabu asili ya watu kazini tangu ilipoanza kuitwa koloni. Kilichobadilika ni nani anaishika kalamu na kama sisi wengine tunaruhusiwa kuona daftari.

11/
Kaskazini kulikuwa na ngazi ya ziada. Sheria ya wilaya za pembezoni ya 1902 iliruhusu serikali kuzifunga: hutoki wala huingii bila kibali. Sheria nyingine ya 1934 ikawapa maafisa nguvu za kukamata na kuadhibu jamii nzima kwa kosa la mtu mmoja. Mifugo ikawekewa karantini, na mashamba ya walowezi wa Laikipia yakabaki salama na magonjwa na, kwa bahati nzuri yao, salama na ushindani wa bei pia. Isiolo ilikuwa lango. Ndiyo maana hadi leo utasikia mzee akipanda basi kuelekea Nanyuki anasema, "Naenda Kenya." Si mzaha huo. Kwake ni jiografia.

12/
Eneo lililofungwa halipati misheni, halipati shule, halipati karani. Chini kule, kando ya reli na misheni, watoto walikuwa wanasoma tangu mwanzo wa karne. Huku shule zilichelewa, zikawa chache, na mtoto wa mfugaji aliyehama na mifugo alizipita kwa mbali. Ilipofika 1963, nchi ikitafuta Waafrika wenye vyeti, vyeti vilikuwa upande mmoja wa ramani.

13/
Na hapa nataka usome polepole. Uhuru ulipokuja tulifanya hatua kubwa ya kusawazisha kuliko zote: kuafrikanisha. Kiti cha Mzungu, na baadaye duka na meza ya Mhindi, vikapewa Mwafrika. Walowezi walilalamika kwamba viwango vitashuka, kwamba Mwafrika hana uzoefu. Jibu letu lilikuwa moja na lilikuwa sahihi: mlitunyima shule, sasa mnatuuliza vyeti? Hoja hiyo taifa zima liliielewa mwaka 1963. Isiolo ikiirudia leo kwa Nairobi, ghafla inaitwa ukabila.

14/
Isiolo yenyewe ilipata mkuu wa wilaya wa kwanza Mwafrika, Daudi Dabasso Wabera. Mtoto wa kaskazini, kwenye kiti ambacho wazazi wake wasingeruhusiwa hata kukigusa. Juni 1963, akizunguka kuwashawishi watu wabaki Kenya, aliuawa kwa risasi karibu na Modogashe pamoja na chifu Haji Galma Dido. Wabera Street ya Nairobi ina jina lake, na wadi yetu ya Wabera pia. Wengi wanaopita barabara hiyo wakienda mahojiano ya kazi hawajui kuwa imepewa jina la mfanyakazi wa serikali aliyekufa akiwa kazini.

15/
Kisha vita vya Shifta. Watu wengi wa NFD walitaka kujiunga na Somalia, serikali mpya ikakataa, na tangu mwisho wa 1963 hadi 1967 kukawa na vita. Huku Isiolo watu walikusanywa kwenye kambi, Garba Tulla, Merti na kwingineko, na mifugo ikaisha: mingine ilipigwa risasi, mingine ikachukuliwa, mingine ikafa njaa ndani ya ua kwa kukosa malisho. Wasakuye, watu wa ngamia, wengi walibaki bila ngamia. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa yaliyotendwa kipindi hicho. Sheria hiyo iliitaja Isiolo kwa jina.

16/
"Sasa ngamia na ajira vinahusiana vipi?" Bana, karo ya mfugaji iko zizini. Kijana ambaye babu yake alipoteza mifugo yote 1966, baba yake alikua akipanga foleni ya chakula cha msaada, na yeye akaingia darasa la kwanza la kwanza kwenye ukoo mwaka 1990 na kitu. Anayeshindana naye kwenye mahojiano ni kizazi cha tatu cha watu wenye shahada. Wote wawili watapimwa kwa cheti kimoja. Cheti hakina mahali pa kuandika hayo.

17/
Wakati huo huo serikali ilikuwa na mpango wa pesa. Waraka wa Bunge nambari 10 wa 1965 ulisema, kwa ufupi, uwekezaji uende mahali utakapozaa haraka: penye ardhi nzuri, mvua, barabara, na watu walio tayari kwa maendeleo. Ati ukizaa huko, faida itawafikia wengine. Kiuchumi ina mantiki yake, sikatai. Lakini ukiwa umefungiwa nje tangu 1902, waraka huo unakuambia: kwa kuwa hukuanza, hatutakuanzishia. Lami kutoka Isiolo kwenda Moyale ilikamilika miaka 50 baadaye hivi.

18/
Halafu kitambulisho. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali waliitwa kupigwa msasa na kupewa kadi ya ziada kuthibitisha ni Wakenya. Hata baada ya hapo, vijana wengi wa kaskazini waliendelea kuitwa mbele ya kamati za wazee na maafisa kabla ya kupewa kitambulisho ambacho mwenzao wa Nyeri ama Kakamega anakipata kwa fomu tu. Februari 2025 ilitangazwa kuwa mchujo huo umeondolewa. Sawa. Lakini bila kitambulisho hufungui akaunti, huombi mkopo wa chuo, husajiliwi jeshini, na tangazo la kazi halikungoji. Mwaka mmoja wa kungoja kadi ni mwaka mmoja wa uzoefu ambao mwenzako anao na wewe huna.

19/
Tufike kwenye takwimu. Ukaguzi wa kwanza wa Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, wa 2011, ulikuta jamii tano kubwa zinashika karibu asilimia 70 ya kazi za utumishi wa umma. Nambari hiyo hurushwa sana mikutanoni. Lakini kabla hujairusha: sensa ya 2009 ilionyesha jamii hizo tano ni karibu asilimia 64 ya Wakenya. Kwa hivyo sehemu kubwa ya hiyo 70 ni idadi ya watu tu. Pengo lipo, ila halitoshi kwa kelele zinazopigwa juu yake. Mahali pa kutafuta pengo ni kwenye ngazi za juu, taasisi moja moja, na kwa jamii ndogo ambazo hesabu yao hupotea kwenye desimali.

20/
Sheria zenyewe sasa. Ziko mbili na watu huzichanganya.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, sehemu ya 7: taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 65: angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti.

Zisome tena zote mbili.

21/
Umeona? Ya kwanza inaiambia jamii kubwa usizidi theluthi. Ya pili, ukiigeuza upande wa pili, inaiachia jamii kubwa hadi asilimia 70 ya nafasi za kuanzia. Kwa hivyo wabishani wawili wanaweza kusimama jukwaa moja, kila mmoja na sheria yake mkononi, na wote wakawa wanasoma sawasawa. Na angalia maneno "nafasi za kuanzia". Askari wa lango, karani, muuguzi mpya: hao wanahesabiwa. Mkurugenzi na afisa mkuu: asilimia 30 hiyo haiwagusi.

22/
Sasa simama mlangoni Isiolo. Mborana ni chini ya asilimia 1 ya Wakenya wote. Kwenye mlango wa taifa ndiye kifungu cha 56 kinamwangalia. Kwenye mlango wa kaunti, jamii yake ndiyo kubwa, na ile asilimia 30 inawekwa kwa ajili ya wengine. Mmeru ni kinyume: kitaifa jamii yake ni kubwa na ina shule, lakini ndani ya kaunti yeye ndiye anayelindwa. Msomali ni wa mamilioni kitaifa, wachache hapa. Na Mturkana wa Ngare Mara? Nyumbani Turkana wao ndio wengi, lakini yeye hakuzaliwa Turkana. Hapa ni mdogo. Nairobi ni mdogo. Milango yote miwili.

23/
Na Msakuye? Mara nyingi kwenye orodha huandikwa chini ya jamii kubwa iliyo jirani, kisha tunaambiwa "hao tayari wamewakilishwa". Ndiyo shida ya kuhesabu kwa makundi makubwa. Daftari likiwa na mistari michache, mdogo kuliko wote humezwa na jina la mwingine.

24/
Kaunti zenyewe zimefanyaje? Ukaguzi wa NCIC wa 2016 ulikuta kaunti 15 tu kati ya 47 zilizotimiza ile asilimia 30. Yaani zaidi ya theluthi mbili ya kaunti, baada ya kulalamikia Nairobi miaka 50 kwamba inaajiri watu wake, zilipopewa funguo ziliajiri watu wake. Hii si hoja ya kufuta ugatuzi. Ugatuzi ndio ulioleta kazi ya ofisini karibu na Merti na Oldonyiro kwa mara ya kwanza. Ni hoja ya kukumbuka shilingi 20 na 30: kupanda ngazi hakuivunji.

25/
Nitatendea haki upande wa "sifa", kwa sababu wana hoja ya kweli. Mama anayejifungua Sericho usiku hataki kujua kabila la muuguzi. Anataka muuguzi anayejua kazi, na awepo. Mashambulizi ya 2014 na 2015 kule Mandera na Garissa yalipowafukuza walimu waliotoka maeneo mengine, watoto wa kaskazini mashariki ndio waliobaki na ubao mtupu. "Wenyeji kwanza" ina bei, na anayeilipa ni mwenyeji maskini. Na ukisema Isiolo ni ya Waisiolo pekee, umempa kila mtu ruhusa ya kukuambia Nairobi si yako.

26/
Ila upande huo nao una swali la kujibu: sifa inatengenezwa wapi? Tangazo likitoka Jumatatu, mwisho wa kupokea maombi Ijumaa, barua iletwe kwa mkono makao makuu, kijana wa Bulla Pesa ataenda kwa miguu. Wa Merti atatafuta gari kwenye vumbi na nauli ya kwenda na kurudi. Wote wana diploma ile ile. Mimi mwenyewe nimesimama kwenye foleni ya ofisi moja, siitaji, ambapo ilibidi kwanza mtu amjue mtu ndani ndipo bahasha ipokelewe. Hiyo pia ni upendeleo. Haina kifungu cha sheria, haina asilimia, na hakuna tume inayoikagua. Watu wanaochukia asilimia 30 ningependa waichukie hii pia kwa sauti ile ile.

27/
Upande wa "zamu yetu" nao nina swali: zamu ya nani hasa? India wameshughulika na hili muda mrefu. Katiba yao ya 1950 iliruhusu kutenga nafasi kwa matabaka yaliyokandamizwa. Mwaka 1992 mahakama yao ya juu ilikubali asilimia 27 kwa matabaka ya nyuma, lakini ikasema familia zilizokwisha kutajirika ndani ya matabaka hayo zitolewe kwenye mgao, na nafasi zote za kutengwa zisizidi nusu. Sisi hatuna kitu kama hicho. Mtoto wa mkubwa wa kaskazini aliyesoma Nairobi shule ya kulipa, anakuja na jina la ukoo, anachukua nafasi ya "jamii iliyotengwa". Mtoto wa mchungaji wa Kinna anasoma habari kwenye simu.

28/
Wengine wananitumia habari za Marekani: mahakama yao Juni 2023 ilizuia vyuo kutumia rangi katika kuchagua wanafunzi, kwa hivyo na sisi tuache. Tusinakili mtihani wa darasa lingine. Kule kuna jamii moja kubwa iliyoshika mlango kwa karne nyingi. Kenya hakuna kabila lenye nusu ya watu. Kila mmoja wetu ni mdogo mahali fulani, na wengi wetu ni wakubwa mahali fulani. Kanuni ya hapa lazima iulize mlango kwanza, kisha kabila.

29/
Na hatua za kusawazisha si ajira pekee. Kifungu cha 204 kilianzisha Mfuko wa Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa maji, barabara, afya na umeme kwenye maeneo yaliyotengwa. Mwaka 2013 Isiolo ilikuwa kati ya kaunti 14 zilizoorodheshwa. Mfuko huo ulipewa miaka 20. Tumebishana sana kuhusu nani awe karani, miaka ikapita, na mfuko ambao ungemjengea mtoto wa Cherab shule na maji, ili asihitaji kubebwa, unaelekea ukingoni. Mwanasiasa anayepiga kelele za ajira na hajawahi kuutaja mfuko huu, jiulize anatafuta nini.

30/
Msimamo wangu, ili usiniulize kwenye majibu: naunga mkono kutenga nafasi. Asilimia 30 ibaki, na ipande hadi vyeo vya juu. Lakini ihesabiwe kwa mahali pia: wadi uliyosoma, shule uliyotoka, si jina la ukoo peke yake. Na daftari lifunguliwe. Mkoloni aliliandika wazi kwa kiburi. Baada ya uhuru tulilificha tukajifanya halipo. Katiba inataka liwe wazi tena, safari hii kwa ajili ya haki, na hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna upande unaoitaka.

31/
Kwa hivyo mgombea yeyote akija uwanjani na moja ya zile sentensi mbili, muulize haya:

Walioomba ni wangapi kutoka kila wadi, walioitwa mahojiano ni wangapi, walioajiriwa ni wangapi?

Hesabu ya vyeo vya juu iko wapi, au tunahesabu walinzi wa lango tu?

Nani mdogo kuliko wote kwenye kaunti hii, na yuko kwenye mstari gani wa orodha yako?

32/
Bodi ya utumishi wa umma ya kaunti inatakiwa kisheria kupeleka ripoti zake kwenye bunge la kaunti. Ni haki yako kuziomba. Si lazima uwe wakili: andika barua, taja kifungu cha 35 cha Katiba kinachokupa haki ya kupata habari, piga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, kisha ungoje. Ukipewa, iweke hapa chini tuisome pamoja. Ukinyimwa, weka hiyo nakala yenye muhuri. Nayo inasema kitu.